Pole Iliyotangulia Habari

Tarehe 6 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo umekuachia kidogo. Mimi sijambo, ila nimenenepa. Kazi yetu ni ya kukaa tu, na mtu akikaa anakula.

Kila barua unaniuliza kazi yenyewe ni ya kufanya nini. Baba, ni ofisi ya serikali, nakaa mezani, naandika. Chumba hakina dirisha, na kipoza hewa ni kikali mpaka mchana wa jua nimevaa sweta. Wenzangu ni watu wema. Mkuu wetu ni mama mmoja mtaratibu ambaye chai yake hupoa kila siku bila kunywewa. Kwa sasa ridhika na hayo.

Nimefurahi kusikia umemaliza makochi ya hakimu. Na ule mpango wako wa kumfundisha paka asilale kwenye sponji uachane nao tu, ameshakushinda.

Shangazi nimemkumbuka sana. Mpe pole kwa huo uvimbe wa kwenye titi. Mwambie asiogope, siku hizi ukiwahi unapona kabisa. Ningekuwa karibu ningemfulia mimi hizo nguo za wateja apumzike.

Nakupenda sana.
Binti yako


Tarehe 15 Februari

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo unalia kutwa nzima, bahati nzuri mimi ni kiziwi.

Barua yako niliisoma nikavaa viatu hapo hapo. Sikujua kama dada yangu anaumwa. Nilinuna kidogo kwamba ameniruka mimi akaenda kukuambia wewe, nikajisemea basi, ni mambo ya wanawake. Nikamkuta dukani kwake anapiga pasi shati la mteja. Unamjua shangazi yako, mtaa mzima wanamwita Redio, mtu hapigi chafya upande wa pili bila yeye kuitangaza. Nikamshika mkono nikamwambia, "Dada, pole na huo uvimbe. Mtoto ameniandikia."

Pasi ikabaki pale pale juu ya shati. Moshi ulipoanza kutoka, mimi ndiye niliyeinyanyua.

Akatoa chaki yangu ya vitambaa mfukoni mwangu, kama anavyofanya tangu masikio yangu yafe, akaandika juu ya meza: Nani kamwambia?

Nikasema, "Si wewe?"

Akaandika: Sijamwambia mtu. Nimemwambia daktari tu, kwa simu.

Akafuta kwa mkono wa gauni upesi upesi, maana mteja alikuwa anaingia. Sijawahi kumwona Redio amekosa neno.

Mwanangu, kiziwi si mjinga. Chumba hakina dirisha, kazi ni ya kukaa, na jina lake halitajwi. Niambie ukweli. Unafanya kazi gani?

Baba yako


Tarehe 23 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Ndiyo. Nasikiliza simu za watu. Navaa vitu masikioni asubuhi, nasikiliza na kuandika mpaka jioni. Nimekatazwa kumwambia yeyote, hata wewe, na hapa nilipoandika tayari nimeharibu.

Nakuapia, sikukusudia kutoa siri ya Shangazi. Kichwa changu kimejaa maneno ya watu, Baba. Huyu anaachwa na mume, yule kafukuzwa kazi, mwingine anamwimbia mtoto alale. Imefika mahali sijui lipi niliambiwa na lipi nililisikia tu. Nilipokuwa nakuandikia niliamini kabisa kwamba ni wewe uliyenieleza habari ya uvimbe. Nilimwonea huruma, nikaandika.

Utauliza kwa nini nilikubali kazi hii. Uliniambia mwenyewe sauti ya mwisho uliyoisikia pale kituo cha mabasi, kabla ya bomu, ni ya mama akimwambia mtoto wake afunge kamba za viatu. Nilipoitwa kwenye usaili nilikuwa naifikiria hiyo. Nilisema kama kuna mahali mtu anaweza kukaa akasikia mapema, nikae mimi.

Na tumesikia, Baba. Mwezi uliopita kuna watu walikamatwa na mzigo wao, na mzigo ulikuwa unaelekea kituo kile kile. Siwezi kusema zaidi. Siku ile watu walipanda mabasi wakaenda makwao wakilalamikia joto. Mimi niliingia chooni nikalia kwa furaha.

Kwa nini Shangazi? Mmoja wa wale watu alikuwa mteja wake. Alimpigia mara moja kuulizia mashati yake. Tangu hapo simu zote za Shangazi zinasikilizwa, za wateja, za rafiki zake, za daktari. Mimi ndiye niliyepewa, kwa kuwa naielewa lugha ya mtaani kwetu. Sikuwaambia kwamba ni shangazi yangu. Niliogopa akipewa mtu mwingine.

Nisamehe. Na yeye mwambie anisamehe, au usimwambie kitu, sijui lipi bora.

Binti yako


Tarehe 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mwenye hasira asishike kalamu wala mkasi.

Nilimwambia. Sikuweza kukaa naye meza moja nikijua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua simu yake, akaitumbukiza kwenye beseni la nguo zilizolowekwa. Kisha akaendelea kufua, simu ikiwa mle mle na mashuka ya watu.

Mimi nilicheka kwanza. Nisamehe, ungemwona ungecheka. Lakini sasa sicheki. Hospitali walisema watampigia kumpa siku ya kipimo. Walipiga wapi? Siku ikapita. Jana nilikwenda mwenyewe, nikamwambia nesi kwamba mimi ni kiziwi na dada yangu ni mkaidi, atusaidie. Nesi akaniandikia: tulimtafuta sana, asicheleweshe zaidi. Nilipomweleza shangazi yako, akaandika: Siendi. Nikienda watajua nimekwenda.

Amenyamaza, mwanangu. Wateja wanaacha nguo wanaondoka, hakuna umbea, hakuna kicheko. Wananiuliza mimi kulikoni. Mimi!

Sasa nisikilize. Wale waliokamatwa na mzigo, mikono yangu yote miwili naiinua kuwashukuru mliowakamata. Ningekuwa sijui lolote ningesema sikilizeni kila mtu, anayeogopa ana lake jambo. Nimeshasema hivyo dukani kwangu, mbele ya wateja, nikionyesha masikio yangu. Lakini dada yangu alikuwa na jambo lake kweli, na jambo lenyewe ni titi lake. Aliulizwa shati na mtu mbaya, ikawa basi, hata hofu yake si yake tena. Mngesikia habari ya shati, mkaona ni shati, mkaondoka.

Sijui mambo ya serikali. Ninachojua, wewe si mtu mbaya, nimekulea mimi. Na ulipokosea ulikosea kwa huruma. Lakini kosa lako linakaa kwenye mwili wa mwenzio. Fanya kitu.

Kula vizuri.
Baba yako anayekupenda hata akinuna


Tarehe 19 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Naandika haraka.

Nilikwenda kwa Mkuu, nikafunga mlango, nikamweleza yote: kwamba dobi ni shangazi yangu, kwamba nilificha, kwamba siri imetoka kwa mkono wangu. Nikamwomba simu za Shangazi ziachwe na zilizohifadhiwa zifutwe.

Akasema, "Ungenyamaza, hakuna ambaye angejua."

Nikamwambia, "Yeye anajua, Mama."

Akaniuliza tangu wale watu walipokamatwa nimesikia nini chenye hatari kwenye simu ya huyo mama. Nikasema hakuna. Akaniuliza mbona hakuna aliyesema iachwe. Nikasema mimi nilikuwa naogopa, na hakuna aliyeniuliza, hata yeye. Hapo aliinywa ile chai yake, na ilikuwa baridi kama maji ya bomba.

Ameagiza simu za Shangazi ziachwe, na zilizohifadhiwa amezifuta mbele yangu. Kisha akaniomba kitambulisho. Nimesimamishwa, na huenda nikashtakiwa kwa kutoa siri ya kazi. Aliniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayekupa dawa chungu, kwamba bado anaamini kazi hii na kwamba nilikuwa msikilizaji mzuri. Na mimi bado naiamini, Baba, ndiyo inayonitesa. Ila nataka iwe na mahali pa kukomea.

Alhamisi nakuja. Usimwambie Shangazi, atafunga duka.

Binti yako


Tarehe 3 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Nashukuru umerudi huko salama na kwamba mashtaka wameyaacha, ingawa na kazi imekwenda nayo. Bora hivyo. Kufukuzwa kunapona.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla tangu uondoke. Paka analala kwenye kitanda chako, sponji sasa anaiona ya kimaskini.

Niliwaona, wewe na shangazi yako, kupitia mlango wa duka lake. Ulipoingia alikutupia shati lililolowa, likakupata usoni, nawe hukulitoa, ukasimama nalo vile vile. Nikaona mdomo wake unakwenda, unakwenda, redio imewashwa tena, na wewe unatikisa kichwa kukubali. Halafu wewe ukasema kitu kirefu. Halafu yeye. Baadaye nikaona mmekaa chini kwenye yale marundo ya mashuka, amekulaza kichwa mapajani, anakuchambua nywele kama ulipokuwa mdogo. Sikusikia hata neno moja, na usiniambie. Nimekaa na ukiziwi huu nikiulaani, siku ile peke yake niliona umenisaidia.

Amekwenda hospitali. Nilimsindikiza. Amefanyiwa kipimo, wamesema tusubiri majibu.

Umekula?
Baba yako


Tarehe 14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijambo, nimepata kibarua cha kutafsiri maelezo ya mashine za kushonea. Utacheka: "Usiweke kidole chini ya sindano." Nalipwa kuandika hayo.

Lakini roho yangu haipo. Majibu ya Shangazi yametoka? Nimemwandikia hajajibu. Simu hana na sitathubutu kumwambia anunue. Nilizoea kujua mambo ya kila mtu kabla hayajafika mezani, sasa la mtu wangu mwenyewe silijui. Niambie, Baba. Liwe zuri, liwe baya, niandikie neno moja tu, nitaelewa.

Binti yako


Tarehe 21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Majibu yalitoka juzi. Alikuja nayo dukani kwangu, akafunga mlango, akaniandikia kwa chaki juu ya meza yangu ya kukatia, nikasoma, akafuta. Ninayajua.

Hilo neno moja uliloniomba sitaliandika. Nilimwambia kwamba huko unateseka, nikamwomba ruhusa nikutumie. Akakataa. Kisha akaandika, polepole, kwa herufi zilizonyooka: Nitamwambia mimi mwenyewe. Akiwa amekaa mbele yangu.

Ameweka kiti kando ya meza ya kupigia pasi. Nimekishona upya kitambaa, cha bluu.

Njoo.

Baba yako