Nuru Ameipanda Baiskeli Yako

Somo yangu,

Assalaamu alaykum. Nimekusalimu kana kwamba utaitikia. Niko sebuleni kwangu hapa Muyeye, chai imepoa kikombeni. Nina jambo ambalo sioni wa kumwambia. Wengine nikiwaambia naogopa watasema niache, na wewe hukuwahi kuniambia niache.

Tumeanza tena kuendesha baiskeli.

Baada ya kukuzika, kati yetu watatu tuliobaki hapana aliyetaka hata kuiona baiskeli. Kirit aliifungia yake stoo, nyuma ya duka lake la vitambaa. Mutua akawa anakwenda kazini kwake, jikoni mwa ile hoteli ya Watamu, kwa tuktuk. Mimi yangu niliifunika shuka, nikawa nikipita natazama upande wa pili. Lori likipiga honi barabarani nilisimama popote nilipo mpaka sauti ipotee. Bado nasimama. Hata darasani, chaki mkononi. Watoto wamezoea, hungoja mwalimu wao arudi.

Aliyetuamsha ni Nuru, binti yako. Alikuja baada ya Idi, hakukaa kitako, akasema, "Mama mdogo, nataka kwenda Marafa na nyinyi. Kwa baiskeli ya mama." Nikajifanya sikusikia, nikamletea maji. Akanywa, akarudia maneno yale yale, kwa ile sauti yako ya chini isiyompa mtu pa kutokea.

Marafa ilikuwa safari yako. Ulituambia mvua za masika zikipita tutakwenda Nyari, pale pale Marafa, tuyaone yale makorongo mekundu kabla jua halijawa kali. Lakini Kilifi kwanza, ukasema, miguu ipate mazoezi. Tukaenda Kilifi. Tukala, tukacheka, tukageuza. Na karibu na Matsangoni, wewe uko mbele, mimi nyuma yako, lile lori… Somo, hapo siwezi kupaandika. Nikifumba macho napaona.

Basi tukakutana dukani kwa Kirit kupanga. Tukagundua hatujui kupanga. Zamani ulikuwa ukisema tu, "Alfajiri, kwa Kirit," nasi tunafika, njia umeshaitafuta, pa kupumzika umeshapajua. Sasa tulibishana kwa kila kitu. Mutua alitaka tuvuke daraja la Sabaki kwa baiskeli kama watu wengine. Kirit alitaka tuzipakie kwenye pikapu mpaka tuipite barabara kuu. Mimi niliuliza kila kitu: kona zikoje, mchanga je, mbwa, ng'ombe, na mvua ikitukuta mbele? Mutua, na upole wake wote, akaniambia, "Mwalimu, ukiuliza hivi hatutatoka hata hapa dukani." Wakacheka. Mimi nikaenda kusimama nyuma ya majora ya vitambaa, nikalia humo kimya kimya.

Kirit akanifuata. Akafungua stoo, akaitoa baiskeli yako. Kumbe aliifuata polisi mwenyewe, akampa fundi aibadilishe gurudumu la mbele na uma, na miezi yote hii hakutuambia.

Kisha akaja shemeji. Swaleh wako, ambaye maisha yake yote aliziita baiskeli wazimu wa chuma. Alibisha hodi, akakataa kuingia, akaniuliza akiwa mlangoni: "Utanihakikishia kuwa Nuru atarudi?"

Nilitaka kumdanganya, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Siwezi, shemeji."

Akakaa barazani akiutazama mchanga. Nikadhani atakataa, na nakwambia kweli, moyoni nilimwomba akatae. Akainuka, akasema, "Basi nami naja."

Na akaja, somo. Alikodi tuktuk, akaijaza maji, madafu, mahamri, matairi ya akiba na sanduku la dawa, akatufuata polepole toka Malindi, dereva akinung'unika kuwa hajapata kuendesha mwendo wa maiti. Shemeji akamwambia anyamaze, asitaje maiti.

Darajani Sabaki upepo ulitupiga ubavuni, basi likatupita karibu mno, baiskeli yako ikayumba na Nuru juu yake. Yeye akaiweka sawa akaendelea. Mimi vidole viligandia breki, Mutua akanisukuma mgongoni kwa kiganja mpaka nikavuka. Tulipoiacha barabara kuu na kushika ya Marafa wenzangu walianza kupiga soga. Nuru akatutangulia. Nikamwita apunguze mwendo, akapunga mkono, akapotea kwenye kona kule mashamba ya mananasi.

Tulipofika kwenye kona hatukumwona. Tukapita kona ya pili, hayupo. Kwenye kibanda cha wauza mananasi nikamuuliza mama mmoja wa Kigiriama, akanitazama kwa huruma: "Msichana wa baiskeli? Hajapita hapa."

Somo, nikakaa chini palepale. Shemeji alishuka kwenye tuktuk, akavua kofia yake, akasimama katikati ya njia, akigeuka huku na huku. Mutua na Kirit wakarudi nyuma, kila mmoja upande wake wa barabara, wakiita. Nilikuwa nimeanza kutunga maneno nitakayokwambia wewe. Sikupata hata la kwanza.

Mutua ndiye aliyemwona. Nuru alikuwa ndani ya shamba la muhogo, ameketi kando ya baiskeli, mzima, hana hata mchubuko. Alisikia lori la mawe likitokea njia ya machimbo, nyuma yake. Mikono ikakata kona yenyewe, ikamwingiza kijinjiani, na alipokaa chini hakuweza kuinuka. Alitusikia tukimwita na sauti ya kuitikia haikutoka.

Shemeji akaketi naye mavumbini, na kanzu yake nyeupe. Nikangoja aseme turudi. Akamuuliza tu, "Utapanda tuktuk, mwanangu?" Nuru akatikisa kichwa. Nikachutama, nikamwambia kuhusu darasani, kuhusu chaki, kwamba na mimi nikisikia lori husimama. "Nilidhani ni mimi peke yangu," akasema. Akashika bega langu, akainuka.

Tulizikokota baiskeli kwanza, kisha tukapanda. Tulifika Nyari jua limeshakuwa kali, si kama ulivyopanga. Lakini zile kuta, somo, nyekundu, nyeupe, rangi ya ngozi ya embe bivu! Tulisimama ukingoni. Shemeji aliinua mikono akakuombea, Mutua akainamisha kichwa akasali kama wanavyosali kanisani kwao, Kirit akaunganisha viganja kifuani. Nuru hakufanya lolote. Alitazama tu, na upepo ukimchezea ushungi nikakuona wewe.

Nilidhani yameisha. Jana amekuja tena. Anataka Kilifi. Anataka kupita Matsangoni, apaone pale mahali, kisha aendelee mbele. Baba yake ameshakubali, ameniachia mimi neno la mwisho, na Kirit na Mutua wananingoja. Usingizi umenikataa. Naziona kona zote, nayaona malori yote ya pwani hii. Nikikataa, atakwenda peke yake. Mwanao namjua.

Kwa hiyo nimekubali, na nimekuandikia ili niwe nimekwambia wewe kabla sijawaambia wao.

Mola akupe nafasi na kivuli huko uliko, somo yangu. Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa, wala kwamba njia itakuwa salama, hiyo si kazi yangu. Nakuahidi hili tu: toka Malindi mpaka Kilifi, kwenda na kurudi, mimi nitakaa upande wa magari na Nuru upande wa nyasi.

Ni mimi,
Somo yako