Sauti Inayopanda

Mpendwa Dada,

Kwa niaba ya familia nzima, na kwa masikitiko makubwa, nakutangazia kwamba koti la Baba la jukwaani, lile la rangi ya machungwa, limenikataa. Kifungo cha tumboni kiliruka mbele ya mashangazi, nao wakakiokota kwa heshima kabla ya kucheka. Baada ya tangazo hilo, habari za huko? Mafua yamepona? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima. Mama anakula na anafoka, basi ujue yupo.

Mazishi yalijaa watu. Kila mtu alimsifu Baba, na kwa mara ya kwanza nimeona wasemaji wa msibani wasiohitaji kutunga. Fundi viatu wa jirani alikumbusha kwamba mzee amepiga gitaa miaka sitini na hakuna bendi iliyowahi kumsubiri. Mama mkubwa akaeleza alivyokuwa akirudi alfajiri kutoka kwenye dansi, akatupigia pasi sare za shule akiwa bado ndani ya lile koti, ndipo akalala. Mama naye akatoa lake: kila Baba alipofika kwenye solo alimgeukia yeye pale kando ya spika, mpaka wateja wakalalamika kwamba wamelipa kiingilio kutazama mgongo.

Hukuja, na sababu naijua. Siku ile ya mazoezi alikwambia, mbele ya bendi yake yote, kwamba ukiona watu wengi sauti yako inapanda juu ya tuni ya magitaa. Ukabeba mkoba ukaenda kuimba na wapinzani wake, ukisema angalau wale wana masikio. Tangu hapo mkawa watu wa salamu za kupitia kwa Mama. Sasa unaniuliza kwenye simu kama ameondoka na kinyongo.

Nilimuuliza Mama, akanituma kwa Kidevu, mpiga solo wa bendi yenu ile ya wapinzani. Kidevu alitazama viatu vyake kwanza. Kisha akanieleza kwamba miaka yote uliyoimba nao, Baba alikuwa akipita ukumbini mchana wa siku ya dansi, wewe ukiwa kwa msusi, akisingizia kuwajulia hali. Anashika gitaa moja baada ya jingine, anakaza nyuzi kidogo kupita pale zinapotakiwa, ili tuni ipande. Walipolalamika kwamba anawaharibia vyombo, aliwajibu kwamba binti yake hashuki, kwa hiyo wapande wao wamfuate. Akawaapisha wasikwambie. Nao waliapa upesi, maana ukumbi ulikuwa unajaa, na watu walikuwa wakisema huko ndiko sauti yako ilikotulia.

Nimekaa na habari hii tangu juzi nikijiuliza kama nikuandikie, maana inauma na kupuliza. Kinyongo hakuwa nacho, Dada. Ila maoni yake hakuyabadilisha.

Jumamosi bendi zote mbili zitampigia Baba. Mama amesema wimbo wa mwisho ni wako, na hataki mjadala. Mashangazi wanakusalimu, watoto wangu wanakusalimu, nami nitakungoja stendi nikiwa na koti langu mwenyewe. Kidevu pia anakusalimu sana. Anasema magitaa ameshayapandisha.

Ni mimi,
mdogo wako