Kura Iliyomweka Zuhura Mwisho

Al Wukair, Ijumaa

Wa mwisho! Zuhura wangu, wa mwisho!

Amenipigia leo akilia. Mjukuu huyu anasoma chuo Marekani, na kiangazi hiki yuko kambini akifunzwa uongozi wa kijeshi pamoja na wenzake wanaoandaliwa kuwa maofisa. Huko kila mmoja huwapanga wenzake kwa kura, wa kwanza hadi wa mwisho. Kosa lake? Aliwaambia wamesoma ramani vibaya. Wakamcheka, kisha wakazunguka juani kwa saa tatu.

"Naacha, Babu. Kesho nafunga begi," alisema. "Kwani wewe, ulipofunzwa uofisa, ulikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Mwanangu Mwajuma, mama yake, akadakia kutoka jikoni, "Unaona? Babu yako alijua kunyamaza!"

Kwa hasira nikamwaga chai shukani. Nimewalaani wale vijana mchana kutwa. Waoga. Wanafiki wakubwa. Kumwadhibu mtu kwa kuwa alisema kweli...

Nami je? Nilikuwa wa kwanza kwa sababu kabla ya kura tulikula njama bwenini, watu sita, tukamweka Sefu mwisho. Sefu, aliyekuwa akitusahihisha. Akarudishwa kwao. Sijamwambia mtu, hata marehemu mke wangu.

Daktari ameacha kunitajia miadi ya mwakani. Basi kesho, kabla Zuhura hajafunga begi, nitampigia nimwambie kwamba babu yake alikuwa sawa na wale waliomcheka.