Honi ya Basi la Posta

Curdin, shika simu usome ujumbe huu. Dada Seraina amevunjika mfupa wa bega. Mwenye hatia ni mimi, ingawa bado sijashtakiwa.

Unaijua ile honi ya sauti tatu ya basi la posta, lile la abiria na barua, ambayo kila mwenye baiskeli huipisha kwenye kona za mlima. Leo nimeiigiza kwa tarumbeta ya shule, nimejificha juu ya kona, yeye akipanda na baiskeli kwa mazoezi yake. Mara ya kwanza alijibana ukingoni kama mbuzi. Mara ya pili akaniona. "Duri, shetani mdogo we! Nikikufikia nitakumezesha hiyo tarumbeta!"

Tulicheka, Curdin. Wote wawili tulicheka.

Kisha honi ikalia tena. Sikupuliza mimi.

Dada ameinamisha kichwa, anakanyaga katikati ya barabara. "Puliza mpaka mapafu yapasuke, sipishi!"

Nikapiga kelele, "Dada, ni basi! Basi kweli!" Akacheka. Akacheka!

Basi likatokea. Dereva akakanyaga breki, Seraina akajirusha kwenye ukuta wa mawe.

Dereva alipiga magoti kando yake. "Binti, hukusikia honi?"

Seraina akanitazama, nimeshuka mbio, nimeficha tarumbeta mgongoni. Akasema, "Sikusikia kitu."

Sikusikia kitu. Hivyo hivyo.

Sasa tuko hospitalini. Kwa jibu hilo daktari anampima masikio, na mama analia hapa kando yangu. Ananiuliza, "Duri, mwanangu, dadako ameanza lini kutosikia?"