Mara Yangu ya Kwanza Milimani

Alhamisi, 7 Agosti

Mama Watoto kaja na tiketi tatu. Ziara ya siku nzima, Jumamosi, kwenye ile nchi ndogo ya milimani. Yeye, mimi na mdogo wake. Kwenda alfajiri, kurudi jioni. Anasema mwenzake kazini kaumwa, ndiyo kamwachia.

Nchi zote duniani — hiyo!

Nikamuuliza kwa nini huko. Akasema, si karibu? Halafu wewe hujawahi kufika. Akaniangalia. Au hakuniangalia, alikuwa anatafuta miwani. Sijui.

Acha niandike, maana kichwani hakukaliki. Nimefika. Miaka minane iliyopita. Nyumbani niliaga naenda semina ya mafundi wa friji, siku mbili, mambo ya kompresa mpya. Semina haikuwepo. Nilikuwa na yule dada wa mapokezi wa kampuni ya zamani. Ziara hiihii, njia hiihii. Yaliisha mwaka uleule, nikayamaliza mwenyewe, na sijarudia, Mungu shahidi. Pasipoti yenye muhuri niliichoma, nikasema imeibwa. Lakini kusema ukweli — sijasema. Mama Watoto alinipigia pasi mashati ya semina, akaniwekea kalamu mbili mfukoni. Nisipitwe na kitu! Hizo kalamu zinaniuma kuliko yote.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimejaribu kuumwa tumbo. Mama Watoto kaleta dawa, kasimama mpaka nikameza.

Shemeji kapiga simu. Eti shemeji, unaumwa au unaogopa? Nikamuuliza niogope nini. Milima, akasema, halafu akacheka. Kicheko kirefu kuliko utani wenyewe.

Wanajua. Hawajui. Wanajua.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa tatu, mpakani. Wamekwenda kutafuta chai, naandika haraka.

Kiongozi wetu ni mwanamume mwenye kofia nyekundu. Nimempa jina Kofia. Kiswahili chake cha kuokota kwa wageni. Ni yuleyule? Yule alikuwa mwembamba. Lakini miaka minane, nani hajanenepa? Alisimama mlangoni mwa basi tukipanda, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Karibuni tena!"

Tena!

Nikajisikia nasema kwa sauti: "Mimi ndiyo mara yangu ya kwanza!" Basi zima likageuka. Na hakuna aliyeniuliza.

Shemeji akasema, "Shemeji, mbona umekauka kama umeona jini?" Mama Watoto akafungua dirisha.

Saa sita, ngomeni. Kofia katuuliza ngazi za kupanda juu ni ngapi, atakayepatia atapewa kishikio cha funguo. Najua. Mia mbili na kumi na mbili. Tulizihesabu, mimi na yule dada, kila tukifika kumi tunacheka kama watoto. Aibu hata kuiandika. Nikasema elfu moja.

"Elfu!" Shemeji huyo. "Tunapanda ngomeni au tunakwenda mbinguni?"

Watu wakavunjika mbavu. Mama Watoto akasema, taratibu, "Mia mbili hivi." Kapewa kishikio.

Kajuaje? Nani kamwambia?

Saa tisa, ziwani. Nimeharibu. Basi likiteremka, nilikuwa namwangalia Mama Watoto, kashika mkoba tu, mwili unayumba. Nikamwambia shika chuma, zinakuja kona tatu mbaya. Ulimi huu! Zikaja. Moja. Mbili. Tatu. Baada ya ile ya tatu akaniuliza nimezijuaje.

"Nimeona kibao."

"Kibao gani?"

Nikajifanya nakohoa.

Sasa yuko kwenye benchi na Kofia, wawili tu. Wanaongea. Kofia kanyoosha kidole huku. Ananionyesha mimi? Au mlima ulio nyuma yangu? Nimegeuka. Mlima upo. Lakini mlima upo kila upande nchi hii, haunisaidii kitu.

Jumapili, 10 Agosti

Njia nzima ya kurudi Mama Watoto alilala. Au alifumba macho.

Leo tumekunywa chai. Akamwambia mdogo wake aende kwake akapumzike. Shemeji akataka kuleta utani, akamwangalia dada yake usoni, akachukua mkoba. Mlango ukafungwa. Mama Watoto akaanza, bila kupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele.

Jana alimuuliza Kofia kwa nini anatukaribisha "tena" wakati ndiyo kwanza tunafika. Kofia akacheka. Alilisoma kwenye kibao cha hoteli moja ya huku, kibao cha kuagia wageni, akadhani ndiyo salamu yenyewe kamili. Huwaambia watu wote hivyo, kila basi, mwaka wa kumi sasa.

"Baba Watoto, miaka kumi hiyo," akasema, "eti wewe ndiye wa kwanza kumjibu."

Na ngazi? Alikisia tu. Na tiketi, kweli ni za mwenzake, kalazwa. Alikuwa hajui kitu! Siku nzima namwona yeye ana njama, yeye na mdogo wake na Kofia, kumbe mimi ndiye niliyemwongoza, kona kwa kona, kuliko hata Kofia mwenye kazi yake.

Halafu akauliza pasipoti iliibwa lini vile. Hakungoja jibu. "Na ile semina ya friji — ilikuwa wapi?"

Nikasema naja, nakwenda msalani mara moja.

Nimejifungia. Nitasema. Nataka tu nianze na neno lisilomchoma sana. Nimeandika matatu, nimeyafuta. "Nisamehe" linakuja kabla hajajua la kunisamehe. "Kuna kitu" — hilo la kitoto. Jina la yule dada siwezi kuanza nalo.

Kagonga. Nikasema namaliza. Akasema hajasikia maji.

Bado yupo, naviona vivuli vya miguu yake chini ya mlango.

"Baba Watoto. Nasikia karatasi. Toka. Na hilo daftari lako njoo nalo."

Daftari! Miaka yote nadhani hajui kama lipo.

Dirisha la huku ni dogo. Daftari linapita. Mimi sipiti.