Kuni za Mstari wa Nyuma

Friesland, 28 Agosti

Kwa mdogo wangu Douwe,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko New Zealand, wewe na mkeo Hiske, na kwamba baridi yenu inakaribia kwisha. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, lakini goti halijawahi kumuua mtu. Paka wako amenenepa. Anakula kwangu, anakula kwa jirani, na kote anajifanya hajaona chakula tangu jana.

Barua yako ya Julai niliipata. Niliianza nikiwa nimesimama, nikaimaliza nimeketi. Umeuliza nani kaoa, nani kafa, ng'ombe wa nani wamezaa, na mwishoni kabisa ukauliza, "Na miti yetu ya kanisani, haijambo?" Swali hilo ndilo lililonifanya nikae wiki tano bila kukujibu.

Ile miti ya elmu ilikuwa kumi na minne, Douwe. Imebaki mitano.

Unajua kila Juni huwa nazunguka na darubini shingoni kuikagua, kazi niliyopewa na halmashauri miaka kumi na mmoja sasa. Tarehe kumi na moja nikauona ule wa langoni. Tawi moja la juu lilikuwa la manjano, majani yamejikunja, na mti mwingine wote kijani kibichi. Nikakata kitawi, nikatazama pale kisu kilipopita, nikakuta duara la vidoa vya kahawia. Ndio ule ugonjwa wa elmu.

Haya nilikufundisha mwenyewe, lakini nayarudia makusudi, nataka uyasome kwa macho yako. Mbawakawa yule mdogo hana nia ya kuua mti. Anakula gome la vitawi vya juu, basi, ila mwilini amebeba kuvu, na kuvu ikishaingia kwenye mishipa ya maji, mti unajua. Unaanza kuiziba mishipa yake wenyewe kwa utomvu, mmoja baada ya mwingine, ili umfungie mwizi ndani. Lakini mwizi ana mbio. Mti unaziba, yeye ameshapita, mti unaziba tena mbele yake, mpaka maji hayapandi kabisa. Unakufa kwa kiu, na mitaro yetu imejaa maji pande zote. Mwaka huu masika yalikuwa makavu, miti ilishachoka, na mti uliochoka una harufu ambayo mbawakawa wanaifuata. Tulichimba handaki kukata mizizi, maana chini huko imeungana na hupeana ugonjwa. Tulichelewa. Wa tatu kuangushwa ni ule uliokuwa ukilifunika kaburi la Mama.

Basi ikabidi chanzo kitafutwe. Mbawakawa hao hawatoki mbali, huzaliana chini ya gome la elmu iliyokatwa. Kuna mtu kijijini aliweka kuni za elmu bila kuzimenya gome. Nikamtaja Ysbrand, mpiga kengele wa kanisa, kwa kuwa mwaka jana alikata elmu nyuma ya nyumba yake. Unajua rundo la kuni lina maana gani kwetu. Mtu hulipanga likatazama barabara, na wapitao humpima kwalo. Kumbomolea mzee rundo lake mbele ya watu ni kumvua nguo. Nililibomoa, Jumamosi asubuhi, watu wamesimama na vikombe vyao vya kahawa. Yeye alileta kiti akakaa. Akasema, "Ukimkuta huyo mbawakawa, Baukje, mwambie atoke aje anywe kahawa, asione haya." Watu wakacheka. Hatukukuta kitu, kila kipande cha elmu kilimenywa kikawa cheupe. Akainuka, akaniambia, "Haya binti, zirudishe. Na kila kimoja kirudi kilipotoka." Nilizipanga mpaka jioni.

Jumatatu nikalifungua rundo langu. Lile uliloniachia wewe Januari mlipohama, ukaniandikia kikaratasi: "Dada, hizo ni kuni za baridi mbili, mwaloni mtupu, usijisumbue." Nilikionyesha kikaratasi hicho kwa watu, nikajisifu kuwa nina ndugu. Mistari miwili ya mbele ni mwaloni kweli. Nyuma yake ni elmu, na gome lake. Nikabandua kipande: mfereji mmoja katikati alikotaga mama, na vijifereji vya watoto kila upande, kama miguu ya tandu. Nje kumejaa vitundu walikotokea. Walishaondoka zamani. Nikaenda nyuma ya banda nikakuta kisiki umekifukia kwa samadi.

Mti ule ulikuwa mgonjwa, ukaukata wakati wa baridi, usipokuwa na majani ya kukusemea. Ungetoa taarifa kwa halmashauri, ungechelewa safari wiki mbili tu mpaka lori lije kuuchukua. Wiki mbili, Douwe! Ningesema ulisahau, ningesema hukujua, lakini mtu aliyesahau hapangi mstari wa mbele. Ulikwenda ukatafuta mwaloni, ukaubeba, ukaupanga vizuri unifumbe macho, mimi dada yako, ninayelipwa kuitazama miti hiyo. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa naisema nikiwakusudia wengine. Umenisaliti, kisha ukanunua stempu uniulize miti haijambo.

Sasa lililo gumu, na nalisema kwako kwa sababu sina mwingine wa kumwambia kwa mkono wangu. Jumatatu ile sikugundua kitu kipya. Nilijua tangu Februari.

Ile wiki ya barafu nilichomoa kuni pembeni mwa rundo nikafika mstari wa tatu. Nikapiga shoka likanasa. Mwaloni hupasuka kwa pigo moja. Elmu nyuzi zake zimesokotana, inang'ang'ania shoka mpaka ukome. Nilisimama pale na mpini mkononi. Ningezimenya siku ile, au ningezichoma, mbawakawa wangekufa ndani na miti yote kumi na minne ingekuwa hai leo. Nikajiambia, Douwe amesema ni mwaloni. Nikarudisha kipande, nikafunika turubai. Niliogopa nikikitazama zaidi sitakuwa na ndugu. Na Jumamosi ile nilipokuwa nikilivunja rundo la Ysbrand, nilikuwa najua, nikaendelea kuvunja.

Alhamisi iliyofuata nilisimama ukumbini nikayasema yote, jina lako na langu. Darubini nimeirudisha. Walikuja kulibomoa rundo langu mchana, na hakuna aliyekuja na kahawa. Ysbrand alinisogelea akasema taratibu, "Douwe alikudanganya kwa kikaratasi. Wewe ulinidanganya ukinitazama usoni."

Nisalimie Hiske, yeye simdai neno. Mvua zimeanza, viazi vimetoka vizuri, nyumba ni salama. Desturi inataka nikuletee salamu za majirani, kwa hiyo jana nilipita nyumba saba kuuliza nani ana neno la kumpelekea Douwe. Sita walinijibu wana shughuli. Wa saba alikuwa Ysbrand. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwambie kengele siku hizi inasikika hadi kijiji cha pili. Hakuna majani ya kuizuia."

Ni mimi dada yako,
Baukje