Njiti Wawili wa Apolonia

Uyole, Mbeya
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Marcelino,

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani huko Kibondo, na mgongo uliokusumbua wakati wa Pasaka umepona? Mwenzako Sifaeli, aliyekuja likizo, ananiambia umekonda na kwamba huko kambi ya kazi unajipikia mwenyewe. Nilicheka kidogo, maana nyumbani ulikuwa unaunguza hata maji. Hapa kwetu baridi ni kali, viazi tumeshavuna. Mimi sijambo, isipokuwa mafua ambayo nitakueleza mbele.

Najua habari ulizipata kwa simu. Lakini siku ile nilisema mambo mawili tu, kwamba mmoja amefariki na mmoja yupo, halafu kilio kikanishinda. Kila nikikupigia inakuwa hivyo hivyo. Nimeona bora niandike, nimpe Sifaeli akuletee anaporudi kazini keshokutwa.

Naanza na kosa langu, nisije nikazunguka. Mimba ilipofika miezi mitatu, wifi Apolonia alitaka kuanza kliniki. Zahanati walimwambia siku ya kwanza aende na mume, na kama mume yuko mbali apeleke barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mimi ndiye niliyeikataa barua hiyo. Unanijua. Nilisema mwanamke aliyefunga ndoa kanisani hawezi kwenda kuandikiwa karatasi na mwenyekiti kama vile haijulikani kaolewa na nani. Nikamwambia tumsubiri Marcelino, anakuja likizo mwisho wa mwezi wa sita, mtakwenda pamoja kwa heshima. Apolonia ni mpole, hakunibishia.

Mwezi Mei miguu ikaanza kumvimba. Nikasema ni kusimama kutwa pale sokoni Mwanjelwa. Uso nao ukavimba, majirani wakasema mimba imemkubali, nami nikafurahi kusikia. Akalalamika kichwa, mara anaona vimulimuli, nikampa panadol. Kumbe ilikuwa presha, na hakuna aliyempima kwa sababu kliniki hajakanyaga hata siku moja.

Tarehe kumi Juni, asubuhi, tulikuwa tunamenya viazi akaanguka. Mwili wote ukatetemeka, povu mdomoni. Waliokuja wakasema amechezewa, aitwe mtu wa maombi kwanza. Jirani yetu Asukile hakungoja mjadala, alimpakia kwenye gari lake la mizigo tukakimbilia hospitali. Daktari akasema ni kifafa cha mimba, na kwamba ili mama apone lazima watoto watolewe siku ile ile, ingawa miezi saba ilikuwa haijatimia na wangezaliwa njiti. Hapo ndipo niliposikia kuwa wako wawili.

Wa kike alikuwa na gramu elfu moja na mia moja. Wa kiume mia tisa. Kiganja chake chote kilishika ncha ya kidole changu, na alishika kwa nguvu, Marcelino, usidhani alikuwa mnyonge. Ila mapafu yalikuwa hayajakomaa. Siku ya nne muuguzi Anyelwisye aliniita pembeni akasema kama tuna jambo la dini tusichelewe. Nikachukua maji kwenye kikombe, nikambatiza mwenyewe. Nilimpa jina la baba yetu, Obeid. Sikupata muda wa kukuuliza, nisamehe.

Alifariki jioni. Tulimzika sisi wanawake, kama ilivyo desturi kwa kichanga, bila matanga. Wakaniambia nisilie sana kwa mtoto wa siku nne. Nililia. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo sasa nakaa naye nyumba moja.

Wa kike yupo, mama yake amemwita Goodness. Kwanza alipungua, sasa amefika gramu elfu moja na mia tatu. Anapewa maziwa ya mama yake kwa mrija wa puani, na wiki hii wameanza kumfundisha kunyonya. Anyelwisye ametuonya tusimlinganishe na watoto wa majirani. Atachelewa kukaa na kutambaa, na miezi yake tuihesabu tangu siku aliyotakiwa kuzaliwa. Macho na masikio nayo yatapimwa.

Dawa yake kubwa ni kifua. Anabaki na nepi, kofia na soksi, anafungwa kwa kitenge kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Akilazwa peke yake anapoa, na mara mbili ameacha kupumua mpaka akasuguliwa mgongo. Mshono wa upasuaji wa wifi ulifanya usaha na presha bado inapanda, kwa hiyo tulikuwa tunapokezana. Tangu Alhamisi nina mafua, wamenizuia mlangoni mwa wodi, na wana haki. Sasa wifi anambeba peke yake. Jana mama huyo alizimia, mtoto akiwa kifuani. Bahati nzuri alikuwa ameegemea mto.

Uliniandikia kwamba mwanamume atafanya nini wodini, na kwamba likizo imesogezwa hadi Desemba. Mwanzoni nilikubaliana nawe, maana hata mimi sijawahi kumwona baba akishika mtoto ambaye shingo haijakaza. Nikamuuliza Anyelwisye kama kuna mashine tunayoweza kuitafuta, hata kwa kuuza ng'ombe. Akaniambia, "Shangazi, kwani huyu mtoto baba yake hayupo? Kifua cha baba nacho kina joto."



Mama huko Iringa nimemweleza yote, anakusalimu na anakuombea. Faustina, binti wa mjomba, anakaa naye, hivyo usiwe na wasiwasi upande huo. Asukile naye anakusalimu. Wasalimie wenzako kambini, na ukiomba ruhusa ya kuja, bosi wako mwonyeshe barua hii kama haamini.

Safari hii sitaki tumsubiri mtu kwa heshima. Ukifika usipitie nyumbani, wala usinitafute unisalimie. Ukiwa na neno la kunilaumu, nitalipokea baadaye. Nenda wodini moja kwa moja, nawa mikono mpaka viwiko, vua shati, umpokee mwanao ili mama yake alale.

Mungu aliyemwachia Goodness pumzi akufikishe salama.

Dada yako akupendaye, na aliyekukosea,
Paskalina